Uzi wa kreatini: faida zake, figo zako, na ile namba ya maabara inayotisha watu

#1 Mleta uzi

Habari za humu wakuu.

Wiki hii pekee nimeona nyuzi tatu ambazo mtu anauliza kuhusu kreatini, na jibu la kwanza analopewa ni "achana nayo, itakumaliza figo". Nimeshindwa kukaa kimya. Mimi si daktari, ni mtu wa vyuma tu. Huu ni mwaka wa sita natumia kreatini, na nimezisoma tafiti zake kwa sababu iliwahi kunitia hofu ya kweli. Nianze na hiyo hofu.

Mwaka wangu wa pili nilienda kupima afya kwa ajili ya kazi mpya. Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari kama ishirini, yote safi, isipokuwa mmoja uliowekewa kinyota pembeni: kreatinini 127, na kiwango cha kawaida kilichoandikwa pale mwisho wake ni 106. Aliyenisomea majibu aliniangalia akasema, "Figo zako zimeanza kuchoka." Hakuuliza kama nafanya mazoezi, wala natumia nini. Na mimi sikusema, kwa kuwa sikujua kama vinahusiana. Nilikaa siku nne silali vizuri.

Usiku wa nne niliweka ile karatasi mezani na kopo langu pembeni yake. Nikasoma jina la kwenye kopo, nikasoma jina la kwenye karatasi. Kreatini. Kreatinini. Zinatofautiana silabi moja.

Kreatini ndiyo inayokaa kwenye misuli na kufanya kazi. Kreatinini ni mabaki yake. Kila siku karibu asilimia 1.7 ya akiba yako hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, huingia kwenye damu, figo huichuja, nawe unaikojoa. Kwa kuwa mtu huzalisha karibu kiasi kilekile kila siku, maabara huangalia kiasi kilichobaki kwenye damu na kukisia figo zinachuja vipi. Ni makisio. Ukikuta vyombo vimejaa kwenye beseni, inawezekana mwoshaji anaumwa, na inawezekana pia leo wamekula watu wengi. Mtu mwenye misuli mikubwa, aliyenyanyua vyuma jana, akala nyama nyingi usiku, na juu ya hayo anatumia kreatini, huyo wamekula watu wengi.

Daktari wa pili niliyemwendea swali lake la kwanza lilikuwa, "Unatumia kitu gani?" Akanisimamisha kreatini na mazoezi mazito kwa wiki sita, akarudia kipimo, akaongeza sistatini C, protini ya kwenye damu ambayo nayo huchujwa na figo lakini haitegemei sana ukubwa wa misuli, na akapima kwenye mkojo albumini, protini ambayo figo nzima haiachii ipite ovyo. Kreatinini ilishuka hadi 101, sistatini C sawa, mkojo safi. Nikarudi kwenye kopo langu. Tangu siku hiyo kila ninapopimwa damu nasema ninachotumia kabla sindano haijaingia.

Sasa tuingie kwenye kitu chenyewe.

Misuli hufanya kazi kwa ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Iliyopo tayari inatosha sekunde mbili tatu tu za nguvu zote. Ikitumika hupoteza fosfeti moja na kubaki ADP, ambayo haina kazi mpaka ipate fosfeti nyingine, na anayeitoa haraka kuliko wote ni fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba fosfeti. Akiba hiyo hukubeba hadi kama sekunde kumi, kisha mwili unategemea njia za polepole. Ukiongeza kreatini kwenye misuli, unaongeza akiba hiyo na unaijaza haraka zaidi unapopumzika kati ya seti.

Ndiyo maana haikuamshi kama kahawa na hutaisikia ukiwa umekaa. Utaiona kwenye seti ya nne, marudio ya saba, chuma kimesimama nusu ya njia kinatetemeka. Siku zote hapo huwa kinarudi chini. Siku moja kinapanda. Kurudia huko kumoja, mara seti zote, mara wiki zote za mwaka, ndiko kunakojenga misuli. Kreatini yenyewe haikujengei kitu ukiwa umelala kwenye kochi.

Wala si kitu cha jana. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832, akaipa jina kutoka neno la Kigiriki la nyama. Mwaka 1847 Mjerumani Justus von Liebig akaripoti kwamba nyama ya mbweha wa porini waliouawa kwa kukimbizwa ilikuwa na kreatini mara kumi ya ile ya mbweha waliofungiwa. Mimi hiyo habari ya mbweha naipenda sana, maana miaka karibu 180 iliyopita mtu alishaona kwamba kitu hiki kinahusiana na misuli inayotumika. Halafu pakapita muda mrefu, mpaka mwaka 1992 Roger Harris, Karin Söderlund na Eric Hultman walipoonyesha kwamba ukiinywa, gramu 5 mara kadhaa kwa siku, akiba ya kwenye misuli inapanda kweli. Mwaka huohuo ilikuwa Olimpiki ya Barcelona, magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba baadhi ya wanariadha wao waliitumia, na dunia nzima ikaanza kuitafuta.

Na si homoni. Hili nalirudia kwa sababu humu watu wanaiweka kapu moja na steroidi. Mwili wako unatengeneza kama gramu moja kila siku kutokana na asidi amino tatu, kazi ikianzia kwenye figo na kumalizikia kwenye ini. Gramu nyingine moja hivi hutoka kwenye nyama na samaki. Kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu 4 hadi 5. Wasiokula nyama kabisa huwa na akiba ndogo, na mara nyingi wao ndio huona mabadiliko makubwa wakianza. Shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, halijawahi kuiweka kwenye orodha yake.

Faida sasa, na hapa naomba tusidanganyane. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ambayo hukataa madai mengi ya watengenezaji, mwaka 2011 ilikubali moja: gramu 3 kwa siku huongeza uwezo kwenye mazoezi makali ya muda mfupi yanayorudiwarudiwa. Soma hiyo sentensi polepole. Makali. Muda mfupi. Yanayorudiwa. Vyuma, mbio fupi, michezo ya kukimbia na kusimama.

Lakini usitarajie miujiza. Wiki ya kwanza mizani inaweza kupanda kilo moja au mbili, hasa ukianza na dozi kubwa. Hayo ni maji yanayoingia ndani ya misuli. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walifanya jambo nililolipenda: waliwapa watu kreatini wiki moja kabla ya kuanza mazoezi. Uzito usio wa mafuta ukapanda karibu nusu kilo ndani ya wiki hiyo bila kunyanyua chochote. Kisha wakafanya mazoezi wiki 12, na waliotumia gramu 5 kwa siku wakaongezeka sawasawa na wasiotumia. Tafiti nyingine nyingi za nyuma zinaonyesha faida ndogo ya kweli, na mimi naziamini kwa ujumla wake, ila sehemu ya zile kilo tulizozoea kujisifia ilikuwa maji.

Dozi: gramu 3 hadi 5, kila siku, hata siku ya mapumziko. Kuna wanaoanza na kupakia, gramu 20 kwa siku zikigawanywa mara nne, siku tano hadi saba. Inajaza misuli haraka, basi. Gramu 3 kwa siku hukufikisha palepale baada ya wiki nne. Asubuhi au jioni haina uzito, usisahau tu. Na nunua kreatini monohaidreti, ile ya unga ya kawaida. Zile aina nyingine zenye majina marefu na bei ndefu hazijathibitika kuishinda, na ile ya ethili esta imeonekana kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa inageuka kreatinini kabla ya kufika kwenye misuli.

Usalama. Watu huuliza, "mbona hakuna utafiti wa muda mrefu?" Upo. Marekani na Kanada walifanya jaribio kwa wagonjwa 1,741 wa ugonjwa wa Parkinson, wengi wao watu wazima sana, nusu wakapewa gramu 10 kila siku kwa miaka. Lilisimamishwa mwaka 2013 kwa sababu kreatini haikuzuia ugonjwa. Ilishindwa kwa walichokitaka, na hilo liliwaumiza wengi. Lakini kwenye madhara, walipolinganisha viungo vyote vya mwili kati ya waliopewa kreatini na waliopewa unga usio na kitu, hawakuona tofauti. Gramu 10, mara mbili au tatu ya ninayotumia mimi, kwa watu wagonjwa. Chama cha kimataifa cha lishe ya michezo, ISSN, mwaka 2017 kilipitia ushahidi na kusema kwa watu wenye afya hata gramu 30 kwa siku hadi miaka mitano imevumilika vizuri. Simshauri mtu atumie 30. Nasema tu umbali uliopo kati ya kijiko chako na mpaka uliopimwa.

Wasioigusa bila daktari: mwenye ugonjwa wa figo au figo moja, anayetumia dawa zinazobebesha figo mzigo, mjamzito na anayenyonyesha, na mtoto chini ya miaka 18.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau wa mashaka

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka mambo. Kuna vijana wa mieleka walikufa Marekani, na kuna jarida kubwa la madaktari liliandika kuhusu mtu aliyeharibika figo. Hayo vipi?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, na sikuyakwepa kwa makusudi.

Wanamieleka watatu wa vyuo walifariki mwishoni mwa 1997. Kreatini ilitajwa kwanza kwa kuwa ndiyo ilikuwa gumzo. Uchunguzi ulipofanyika, ilionekana wote walikuwa wanapunguza uzito kwa haraka ili waingie kwenye daraja la chini: mazoezi mazito kwenye joto wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa, huku wakijinyima maji. Walikufa kwa joto na kuishiwa maji. Inauma, maana walikuwa vijana wadogo, na kanuni za mieleka za kupima uzito zilibadilishwa baadaye kwa ajili yao.

Hiyo ya jarida ni Lancet, 1998, kijana wa miaka 25. Tayari alikuwa na ugonjwa wa figo wa muda mrefu na alikuwa kwenye saiklosporini, dawa ambayo yenyewe hukwaruza figo. Kreatinini yake ilipanda alipoanza kreatini, ikashuka alipoacha. Kutokana na kisa hicho nakubali jambo moja bila ubishi: mwenye figo mbovu asiiguse.

#4 Dada wa jimu

Asante kwa uzi. Nina wiki mbili nimeanza na nimepanda kilo 1.4. Karibu niimwage chooni, maana nimehangaika mwaka mzima kushusha uzito. Kwa hiyo hiyo si mafuta?

#5 Mleta uzi

Si mafuta dada. Gramu 5 za kreatini hazina cha kukutengenezea kilo moja ya mafuta ndani ya siku kumi na nne. Chukua futi ya kitambaa upime kiuno leo, kisha pima tena baada ya wiki mbili. Kama kiuno kimebaki pale na chuma kinapanda, iache mizani ipumzike.

#6 Dada wa jimu

Kiuno nilipima jana, 78, ilikuwa 78 na nusu mwezi uliopita. Basi naendelea.

#7 Mdau wa nywele

Na kipara je? Baba na babu wote vipara. Nimesoma kreatini inaongeza ile homoni ya kukatika nywele.

#8 Mleta uzi

Chanzo chake ni utafiti mmoja wa Afrika Kusini, 2009, wachezaji raga 20, wiki tatu. Dihaidrotestosteroni yao, ndiyo hiyo homoni unayoisema, ilipanda zaidi ya nusu baada ya wiki ya kupakia, ingawa ilibaki ndani ya kiwango cha kawaida. Nywele zenyewe hakuna aliyezihesabu. Tangu hapo watu wakawa wanarudia habari hiyo kama imethibitika. Mwaka 2025 ndipo ulipotoka utafiti uliopima homoni na nywele pamoja: gramu 5 kwa siku, wiki 12, na hakukuwa na tofauti yoyote na wasiotumia.

Wiki 12 si miaka kumi, najua. Lakini mkuu, kama baba na babu wote vipara, mwenye kauli hapo ni damu ya ukoo wenu.

#9 Mdau wa tumbo

Mimi ilinitesa. Siku ya kwanza nilitia vijiko vinne kwenye glasi moja nikanywa kwa mpigo, saa moja baadaye sikutoka chooni. Nikaapa sitairudia.

#10 Mleta uzi

Pole mkuu. Vijiko vinne kwa mpigo ni kama gramu 20. Kreatini ambayo haijafyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo, na tumbo likijaa maji linajua pa kuyapeleka. Dozi ya gramu 10 kwa mara moja imeonekana kuharisha watu kuliko gramu 5 mara mbili. Gawa. Tena koroga kwenye maji ya uvuguvugu, maana kwenye maji baridi haiyeyuki vizuri, unabaki na mchanga chini ya glasi. Na ukishakoroga kunywa, usiache hadi kesho, ikikaa kwenye kimiminika inageuka kreatinini kidogo kidogo.

Halafu nunua mizani ndogo. Nilipima kile kijiko cha ndani ya kopo: kikisawazishwa kwa kisu kilitoa gramu 4.6, kikijazwa kichuguu kilitoa 7.3. Kijiko kilekile.

#11 Mkimbiaji

Nakimbia kilomita 21 na 42. Inanifaa?

#12 Mleta uzi

Kwa mbio zenyewe, sioni sababu. Utabeba kilo moja ya ziada kilomita zote hizo, na nishati yako haitoki huko. Labda miezi unayofanya vyuma au mbio fupi za kasi.

#13 Mzee wa ngazi

Vijana, nina miaka 63. Sinyanyui vyuma kwa mashindano, nataka tu kupanda ngazi bila kushika ukuta na kunyanyuka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono. Binti yangu kaniletea kopo la kreatini. Nitumie au ni vitu vya vijana?

#14 Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu. Swali lako ni zuri kuliko yote humu.

Kwa umri wako ushahidi ni mzuri, kwa sharti moja. EFSA mwaka 2016 ilikubali kwamba gramu 3 kwa siku pamoja na mazoezi ya kutumia uzito, angalau mara tatu kwa wiki, husaidia nguvu za misuli kwa waliozidi miaka 55. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti za wazee ulikuta waliofanya mazoezi na kutumia kreatini waliongeza uzito usio wa mafuta kwa wastani wa kilo 1.4 zaidi ya waliofanya mazoezi peke yake. Neno la kushika hapo ni "pamoja na". Kopo bila mazoezi halitakupandisha ngazi.

Anza na hicho kiti mzee. Kaa, simama, mikono imekunjwa kifuani, mara nane, pumzika, rudia. Na kabla ya kufungua kopo, pima figo na presha kwanza, upate namba za mwanzo. Kwa umri wetu na wako figo zinaweza kuwa zimepungua bila dalili. Mifupa usiitegemee huko: wanawake 237 waliokoma hedhi walifuatiliwa miaka miwili kwa utafiti mzuri uliotoka 2023, na uzito wa mifupa yao haukuongezeka kuliko wa wengine.

#15 Mzee wa ngazi

Marahaba mwanangu. Nitapima kwanza.

#16 Mdau wa maabara

Nafanya kazi maabara miaka kumi na moja. Mleta uzi umeeleza vizuri kuliko ninavyosikia kwa wengi, ila niruhusu nikusahihishe mahali pawili, maana wasomaji wengine wataondoka na nusu ya habari.

La kwanza, sistatini C nayo si hakimu wa mwisho. Hupanda na kushuka tezi ya shingo ikiwa na tatizo, mtu akitumia dawa za kotikosteroidi, akivuta sigara, akiwa na unene mkubwa. Tunaisoma pamoja na kreatinini na mkojo, haisimami peke yake.

La pili ndilo kubwa. Mfano wako wa vyombo kwenye beseni unawafurahisha watu wa vyuma, na sasa naona wanaokuja na kreatinini ya juu wanacheka: "ni kreatini tu hiyo". Nani kakuambia? Mwoshaji kweli anaweza kuwa anaumwa, siku hiyohiyo ambayo wageni ni wengi. Namba ikipanda, usichague maelezo unayoyapenda. Acha kreatini, maana akiba huchukua wiki nne hadi sita kurudi ilipokuwa, usifanye mazoezi mazito siku mbili kabla, usile nyama usiku wa kuamkia kipimo, kisha rudia. Na mkojo upimwe. Albumini kwenye mkojo haiongezwi na kopo lako.

#17 Mleta uzi

Nakubali yote mawili na nakushukuru. Hilo la pili nilipaswa kuliandika kwa herufi kubwa kwenye bandiko la kwanza. Nilikuwa nimejaa hasira za ile siku yangu ya karatasi, nikaegemea upande mmoja.

#18 Mdau mpya

Wakuu nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Miaka 34, vyuma miaka mitatu, kreatini mwaka mmoja gramu 5. Juzi nimepima, kreatinini 141. Nilipanga kupuuza baada ya kusoma #1, nikafika #16 nikasita. Kichwa huniuma uma asubuhi ila nadhani ni usingizi. Presha sijawahi kupima. Nifanyeje?

#19 Mdau wa maabara

Mkuu, usisubiri wiki sita. Kichwa cha asubuhi na 141 pamoja, nenda kapime presha kesho. Kesho, si wiki ijayo. Kreatini acha leo. Beba kopo ukamwonyeshe daktari, pamoja na kila kidonge cha maumivu unachomeza baada ya mazoezi. Unameza vya maumivu?

#20 Mdau mpya

Ibuprofeni, karibu kila siku ya miguu. Na siku ya mgongo.

#21 Mdau wa maabara

Hiyo nayo acha leo. Hiyo inabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Mtu wa jimu humwogopa huyu mwenye unga mweupe, kumbe yule wa vidonge yuko mfukoni.

#22 Mleta uzi

Mdau mpya, tafadhali nenda, na urudi utuambie. Nitakuwa naufungua uzi huu kila siku.

#23 Dada wa jimu

Naufuatilia na mimi. Nguvu mkuu.

#24 Mdau mpya

Wakuu, nimechelewa kurudi, ni wiki ya saba leo. Nawaandikia kwa mpangilio.

Presha siku ile ilikuwa 168 kwa 104. Walipima mara tatu, mikono yote miwili. Mkojo ukaonyesha albumini. Daktari alilisoma kopo, akauliza dozi, akaandika. Kisha akaniuliza kuhusu ibuprofeni na hapo ndipo aliweka kalamu chini. Nikaanzishwa dawa ya presha.

Nimepima tena juzi, bila kreatini, bila vidonge vya maumivu, bila nyama usiku. Kreatinini 118. Sistatini C iko juu kidogo ya kawaida. Albumini imepungua ila ipo. Daktari amesema sehemu ya ile 141 ilikuwa kreatini na misuli, na sehemu ni figo kweli, zilizosukumwa na presha ambayo huenda nimeishi nayo miaka bila kujua. Presha sasa 131 kwa 84. Kichwa cha asubuhi kimeisha wiki ya tatu ya dawa.

Kreatini amesema hapana, na sina ubishi. Vyuma ameniruhusu, nisibane pumzi wakati wa kusukuma.

#25 Mdau wa maabara

Umefanya vizuri sana. Kipimo cha mkojo kirudiwe kila baada ya miezi mitatu kwa sasa, na umuulize daktari kama unahitaji picha ya figo. Mashine ya presha ya mkononi ipo nyumbani?

#26 Mdau mpya

Nimenunua. Napima asubuhi kabla ya chai na usiku, naandika kwenye daftari lilelile la vyuma. Ukurasa wa kushoto kilo, wa kulia presha.

#27 Mleta uzi

Nitahariri bandiko la kwanza, niweke #16 juu kabisa kabla ya mengine. Mzee wa ngazi, bado tunasubiri namba zako.

#28 Mzee wa ngazi

Nilipima Jumatatu mwanangu. Presha 128 kwa 80, kreatinini 88, mkojo safi. Daktari kasema gramu 3, na nirudi baada ya miezi mitatu. Kiti nimefika mara kumi na moja.